Karatasi ya onyo kwenye treni ya Link: wewe umeandikwa, anayevuta dawa ameachwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tukwila, kusini mwa Seattle. Tulikuja Marekani miaka minne iliyopita kutoka kambi ya Nyarugusu. Nafanya usafi hotelini mjini, zamu ya jioni. Wiki iliyopita nilishuka basi la A Line nikapanda treni ya Link. Kwenye basi niligusisha kadi yangu ya ORCA, kwa hiyo nilijua nauli nimeshalipa. Ndani ya treni wakaja vijana wawili wenye sare, wakapima kadi yangu, wakasema sijalipa. Wakaomba kitambulisho, wakaandika, wakanipa karatasi ya onyo. Viti vitatu mbele yangu kulikuwa na mtu amejifunika blanketi, anavuta dawa kwenye karatasi ya foili, moshi umejaa behewa. Yeye hawakumwandika. Je, wale ni polisi? Jina langu limefika mahakamani? Mwaka ujao nataka kuomba uraia, hii itanizuia? Na kwa nini mimi niliyekosea bila kujua niandikwe, yule aachwe? Mwanangu wa miaka 15 anapanda treni hiyohiyo peke yake kwenda mpira mtaa wa Othello. Naogopa.

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole. Kwa miaka mingi nimefanya ukalimani na kuwafundisha abiria wageni usafiri wa King County, kaunti yenye Seattle, na swali la uraia ndilo watu huniuliza kwa sauti ya chini kuliko yote, wakati wenzao wameshatoka darasani. Kwa hiyo nalianzia hapo.

Ulichopewa ni onyo. Halina faini, halikupelekwa mahakamani, na hakuna hakimu aliyeona jina lako. Utaratibu wa Sound Transit, shirika lenye treni za Link, ulianza kutumika Novemba 2023 na unakwenda hivi: mtu mzima akikutwa hana uthibitisho wa nauli hupewa onyo, na akikutwa mara ya pili hupewa onyo tena. Mara ya tatu ni dola 50. Mara ya nne ni dola 75. Mara ya tano ni dola 124, na hiyo ya tano ndiyo inayoandikwa rasmi kama kosa na kwenda mahakamani. Hesabu yote ni ya ndani ya miezi 12. Wewe uko kwenye ngazi ya kwanza kabisa, na kama utagusisha kadi kuanzia leo, utabaki hapohapo mpaka ifutike.

Hata yule aliyefika ngazi ya tano, katika jimbo la Washington kutolipa nauli ya treni si kosa la jinai. Sheria ya jimbo inaliita kosa la kiraia, mfano wa kuegesha gari pasiporuhusiwa: unalipa, au unakwenda kujieleza, basi. Hakuna jela. Zamani haikuwa salama hivyo. Kabla ya 2020, mtu aliyekamatwa mara kwa mara angeweza kupelekwa kwa mwendesha mashtaka kwa wizi wa huduma, na wizi, hata wa dola mbili na nusu, ni neno baya sana kwenye faili la mhamiaji. Ndiyo maana wazee wetu waliofika hapa mapema bado wanawatisha wageni kwamba tiketi ya treni inafukuzisha nchi. Hawasemi uongo, wanakumbuka enzi nyingine.

Kuhusu fomu ya N-400, ile ya kuomba uraia, shika jambo moja. Fomu hiyo inauliza maswali mapana sana juu ya kukamatwa, kushikiliwa na kuandikwa na maofisa wa sheria. Onyo la mkaguzi wa nauli ambaye si polisi ni jambo dogo mno, lakini usiitupe karatasi. Iweke kwenye bahasha pamoja na hati zako nyingine, na siku utakapokaa na wakili wa uhamiaji au mshauri mwenye kibali cha serikali, mwonyeshe, akwambie namna ya kujibu. Kinachowaponza watu wetu kwenye usaili ni kuonekana wameficha, mara nyingi kitu ambacho wangekisema kisingewadhuru. Na usimpelekee karatasi hiyo yule jirani anayejaza fomu za watu mezani kwake kwa dola 200. Naomba sana.

Sasa kosa lenyewe lilikuwa nini? Uligusisha kadi kwenye basi, na fedha zilikatwa kweli. Kadi ya ORCA inakumbuka malipo hayo kwa saa mbili, na ndani ya saa hizo unaweza kubadilisha usafiri bila kulipa upya. Lakini kumbukumbu hiyo haifanyi kazi yenyewe. Ukifika kituo cha Tukwila International Boulevard, kabla hujapanda juu kwenye jukwaa la treni, ipo mashine ya njano ya kusomea kadi. Lazima uigusishe kadi pale, isikike ile sauti, ndipo mfumo ujue kwamba abiria wa A Line sasa yuko kwenye Link. Ungegusisha, huenda usingekatwa hata senti. Usipogusisha, mkaguzi akipima kadi yako anaona ulipanda basi tu. Kwake yeye treni hukuilipia.

Nakwambia kwa uhakika, kosa hili ndilo la kawaida kuliko yote kwa wageni, na wala si la wageni tu. Linatokana na kituo chenyewe: hakuna geti. Ukipita kituo cha mwendokasi Dar es Salaam, geti linakuzuia mpaka ulipe. Kwenye daladala konda yuko juu ya bega lako anachezesha sarafu mkononi. Hapa unapanda ngazi, unafika juu, treni inakuja, milango inafunguka, na hakuna aliyekuuliza kitu. Macho yako yanakwambia safari imeruhusiwa. Sheria inasema eneo lote kuanzia pale kwenye mashine ni eneo la waliolipa, hata kama umesimama tu kwenye jukwaa ukimsubiri mtu. Kuna maandishi, ila yako kwa Kiingereza, na mtu mwenye haraka ya zamu hasomi sakafu.

Jambo moja limekuwa rahisi. Tangu Agosti 30, 2024 nauli ya mtu mzima kwenye Link ni dola 3 popote uendako, kwa hiyo hugusishi tena unaposhuka. Unagusisha unapopanda tu. Ukiona mwenzako bado anagusisha mwishoni, ni mazoea ya zamani, nauli ilipokuwa inapimwa kwa umbali.

Haya, wale vijana ni nani? Si polisi. Wanaitwa mabalozi wa nauli. Ni waajiriwa wa Sound Transit, hawana silaha, hawana pingu, na hawana mamlaka ya kumkamata mtu. Kazi yao ni kupima kadi, kueleza, kuandika onyo au faini. Wakikuomba kitambulisho, wape, au taja jina lako la kweli. Hawakuulizi hali yako ya uhamiaji na hupaswi kuieleza. Hata polisi wa jimbo hili, kwa sheria iliyopitishwa 2019, hawaruhusiwi kukuuliza hayo isipokuwa yanahusiana na uchunguzi wa kosa la jinai.

Kuna mambo mawili tu usiyafanye mbele yao. La kwanza, usitaje jina la mtu mwingine. Niliwahi kumtafsiria kijana mmoja, katika mji mwingine, ambaye kwa hofu alitaja jina la kaka yake. Nauli aliyokuwa anaikimbia ilikuwa chini ya bei ya soda mbili. Kutaja jina la uongo kwa mtumishi wa umma ni kosa la jinai, na ndugu wale wawili walihangaika mwaka mzima kulisafisha. La pili, ukiambiwa ushuke, shuka. Kugoma kushuka ni kosa jingine linalojitegemea katika sheria hiyohiyo ya nauli. Treni nyingine itakuja baada ya dakika chache. Bishana baadaye kwa simu, ukiwa na mkalimani.

Mbali na mabalozi, utawaona walinzi wa kampuni zilizokodiwa, ambao kazi yao ni kuangalia vituo na treni, na kumwambia mtu anayevunja kanuni aache au atoke. Halafu wapo polisi wenyewe, wenye bunduki na nguvu ya kukamata. Hao ni maofisa wa Sheriff wa King County wanaofanya kazi kwa mkataba na Sound Transit. Watu wetu huwachanganya wote watatu kwa sababu wote wana sare na redio. Mwangalie kiunoni. Balozi wa nauli hana kitu kiunoni zaidi ya kifaa cha kupimia kadi.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako zito, lile la kwa nini wewe na si yule.

Konda wa daladala ana kazi tatu kwa pamoja: anadai nauli, anamshusha mlevi anayesumbua akina mama, na anagonga bodi gari lisimame mtu akianguka. Mtu mmoja, macho mamoja, mamlaka yote. Seattle kazi hizo zimetenganishwa kwa makusudi. Aliyekuandika ana kibali cha kuandika nauli peke yake. Kuvuta dawa hadharani ni kosa la jinai hapa, sheria ya jimbo ya 2023 inasema hivyo, na kosa la jinai ni la polisi. Balozi wa nauli akimsogelea mtu aliyelewa fentanili, dawa kali ya kulevya, na kumlazimisha, anahatarisha maisha yake na ya abiria waliobanana pale. Anachopaswa kufanya ni kupiga redio. Inawezekana kabisa kwamba walipiga, na kwamba waliyemwita alifika wewe ukiwa umeshashuka. Wewe uliona nusu ya kwanza tu, na nusu hiyo peke yake inafanana na dhuluma.

Kwa nini walizitenganisha? Kwa sababu kuziunganisha kulileta mambo mabaya, na walioumia wa kwanza walikuwa watu wa rangi yetu. Takwimu za Sound Transit lenyewe zilionyesha kwamba abiria weusi walikuwa wakiandikwa faini kupita kiasi ukilinganisha na idadi yao kwenye treni. Septemba 2019, siku ya kufungua shule, wakaguzi wa wakati huo waliwakagua wanafunzi waliokuwa njiani kwenda shuleni, ambako ndiko walikuwa wanakwenda kupewa kadi zao za ORCA za mwaka huo. Fikiria mtoto anakaguliwa kadi ambayo ndiyo anaifuata. Mji mzima ulilalamika. Janga la korona lilipoingia 2020 uandikaji wa faini ukasimamishwa, na 2021 walinzi waliokuwa wakikagua nauli wakaanza kubadilishwa na hawa mabalozi. Mwaka huohuo bunge la jimbo likaliruhusu shirika kushughulikia faini za nauli lenyewe, nje ya mahakama.

Mahakama nazo zilikuwa zinakwenda upande huohuo. Mwaka 2018 jaji mmoja wa Portland, Oregon, aliamua kwamba polisi kumsimamisha abiria wa treni ya MAX ili tu aonyeshe tiketi, bila kumshuku lolote, kulivunja katiba ya jimbo hilo. Mahakama ya juu ya Maryland ilikataa operesheni ya polisi kwenye reli ya mjini ya Baltimore, ambapo abiria wote wa behewa waliambiwa watoe tiketi au washuke. Na hapa kwetu, mwaka 2023, Mahakama ya Juu ya Washington ilishughulikia kesi ya abiria wa basi la Swift huko Everett. Maofisa wenye silaha walimdai tiketi, hakuwa nayo, akataja jina lisilo lake, akatiwa hatiani kwa uongo huo. Mahakama ikaifuta hukumu. Haikusema nauli isikaguliwe. Ilikataa namna ile, polisi kumtaka raia ajithibitishe wakati hakuna dalili yoyote ya kosa. Kwa hiyo unapomwona kijana asiye na bunduki akikuomba kadi, ujue kwamba watu walipigania iwe hivyo.

Mimi naunga mkono utengano huo kwa moyo wote. Lakini nitasema na upande wa pili, kwa sababu wewe unasafiri usiku na wanaopanga mambo haya wengi husafiri mchana. Ukimwondolea mkaguzi wa nauli kazi ya ulinzi, lazima kazi hiyo umpe mtu, na mtu huyo awepo ndani ya behewa saa nne usiku. Hapo ndipo pengo lilipo. Nauli ina watu wake, na unawaona. Usalama una watu wachache waliotawanywa kwenye mstari mrefu wa vituo. Mwenye dola 3 anakutana na serikali kila wiki, mwenye foili anakutana nayo kwa bahati. Uchungu wako una haki, na ningependa uuseme. Bodi ya Sound Transit ina vikao vya wazi, inapokea maoni ya maandishi, na barua ya mfanyakazi wa zamu ya jioni kutoka Tukwila ina uzito ambao barua yangu haina. Ukiiandika kwa Kiswahili nitakusaidia kuitafsiri.

Kuhusu ule moshi, hofu yako ya afya naichukulia kwa uzito, na kuna kipimo. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Washington kilitoa matokeo ya uchunguzi wa hewa na nyuso za vitu ndani ya mabasi na treni za Seattle na Portland, zilizopimwa usiku. Chembe za methamfetamini, dawa nyingine ya kulevya, zilikutwa kwenye sampuli zote za hewa, na fentanili kwenye robo yake. Ukisikia hivyo unashtuka. Ila kiasi chenyewe kilikuwa kidogo sana, na watafiti walisema haielekei abiria au dereva kuzidiwa ghafla kwa kuvuta hewa ile. Wasiwasi wao ulikuwa zaidi kwa madereva, ambao hukaa kwenye hewa hiyo siku baada ya siku, na walishauri vichujio bora vya hewa. Kwa hiyo safari moja yenye moshi haielekei kukudhuru ghafla. Haimaanishi uvumilie.

Fanya hivi. Mabehewa ya Link hayana mlango wa kupita kutoka moja kwenda jingine, kwa hiyo ukiona foili, shuka kituo kinachofuata, tembea haraka jukwaani, ingia behewa jingine la treni ileile. Kwa njia yako wewe kuna sehemu moja ya kuijua: kati ya Rainier Beach na Tukwila International Boulevard hakuna kituo hata kimoja, treni inakwenda karibu dakika 10 bila kusimama. Ukitoka kazini usiku, fanya uamuzi wako Rainier Beach. Milango ikifungwa pale, utakaa na moshi huo mpaka nyumbani. Behewa la kwanza, lililo na dereva mbele, mara nyingi huwa na utulivu zaidi. Si kanuni, ni uzoefu wangu na wa akina mama wengi niliowafundisha.

Namba ya ulinzi imebandikwa ndani ya kila behewa, na unaweza kutuma ujumbe wa maandishi badala ya kupiga, ili asiyependa kuripotiwa asikusikie. Andika namba ya behewa na kituo mnachokikaribia. Kiingereza cha maneno matano kinatosha. Kukiwa na kisu, kipigo, au mtu amezimia, usihangaike na namba hiyo. Piga 911. Sema neno "Swahili" tu na usikate simu, watakuunganisha na mkalimani. King County inapokea 911 kwa maandishi pia. Ndani ya behewa kuna kitufe cha kuzungumza na dereva, na hicho kitumie bila aibu mtu akiwa hatarini. Lakini usivute kile kishikio cha kufungua mlango kwa nguvu treni ikiwa kwenye daraja au ndani ya handaki, isipokuwa kwa moto au amri ya dereva. Juu kuna waya wa volti 1500, na nje hakuna njia ya miguu kama unavyodhani. Nimeona watu wakitaka kukimbia mgomvi kwa kutoka njia hiyo.

Sikwambii hatari haipo. Desemba 2024 dereva wa basi la King County Metro aliuawa kazini, mtaa wa University District, na tangu hapo madereva wengi ninaowafahamu wameendesha na mioyo mizito. Ila ukiniuliza mimi, kama mzazi, ni nini cha kumwambia mwanao anayekwenda Othello, sitaanza na mvutaji wala mkaguzi.

Mkaguzi kwanza nimtoe njiani. Tangu Septemba 2022 vijana wote hadi miaka 18 wanapanda Link na mabasi bure. Mwanao hawezi kuandikwa faini ya nauli. Mchukulie kadi ya ORCA ya vijana, ili awe na hati ya kuonyesha na asibishane na mtu kuhusu umri wake, halafu jambo hilo limekwisha. Na wewe mwenyewe, kabla sijasahau: mtu ambaye kipato cha nyumba yake hakizidi mara mbili ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu anapata ORCA LIFT, na nauli yake inakuwa dola 1 badala ya 3. Kwa mshahara wa usafi wa hoteli na watoto wawili, nenda ukaulize, usijihukumu mwenyewe kwamba hustahili. Ofisi za afya za King County wanaandikisha, na mashirika kadhaa ya wakimbizi pia. Wale wapya kabisa ambao bado wanapokea msaada wa fedha kwa wakimbizi wanaweza kupata hata pasi ya mwaka bila malipo, kwa hiyo mwambie na yule jirani aliyefika juzi. Muulize na msimamizi wako hotelini. Waajiri wengi mjini wanalipia kadi za wafanyakazi na hawatangazi.

Hatari iliyo kubwa kwa kijana wa miaka 15 pale Othello iko nje ya treni. Kutoka Tukwila treni inakwenda juu ya madaraja, ikifika Rainier Beach inateremka na kukimbia katikati ya barabara ya Martin Luther King Jr. Way, kupitia Othello na Columbia City hadi karibu na Mount Baker. Pale hakuna daraja wala uzio mrefu. Treni, magari na watu wa miguu wanagawana barabara moja kwa taa. Behewa moja lina uzito wa zaidi ya tani 40, linaruhusiwa kukimbia maili 35 kwa saa, kama kilomita 56, na halina usukani. Dereva akimwona mtoto, anachoweza ni kupiga kengele na honi na kufunga breki, na treni itateleza mbele hata hivyo. Watu wamekufa na kuumia kwenye kipande hicho tangu Link ilipofunguliwa 2009, na ndiyo mitaa wanamokaa Wasomali, Waeritrea, Waethiopia na sisi.

La kuogopa zaidi pale ni treni ya pili. Kijana anasubiri, treni ya kwenda mjini inapita, anaona njia nyeupe anaruka, kumbe nyuma ya ile iliyopita kuna nyingine inatoka upande wa pili, na kelele ya ya kwanza imeifunika ya pili. Treni za umeme ni kimya kuliko lori. Akiwa na spika masikioni, hatasikia chochote. Jingine ni mbio za kuiwahi: jukwaa la Othello liko katikati ya barabara, kwa hiyo kila anayepanda lazima avuke reli au magari, na mtu akiona treni yake imesimama anavuka taa ikiwa nyekundu.

Jumamosi moja nenda naye. Simameni pale Othello kwenye kivuko, msiingie kwenye treni yoyote, hesabuni treni nne zikipita, mbili kila upande. Mwonyeshe inavyochukua muda tangu taa za mbele zinapoonekana hadi inapopita puani mwenu; atashangaa. Mwambie avue spika kabla ya kufika ukingoni, atazame pande zote mbili hata kama taa imempa ruhusa, na aiache treni iende. Kocha wake atamsamehe dakika 10.